Kutembea kwa miguu Dodoma na Kanda ya Kati: maswali tunayoulizwa kila wiki

Sisi ni watu saba au nane, inategemea nani ana msiba na nani ana harusi. Jumamosi mbili kwa mwezi tunatoka Dodoma mjini alfajiri na kwenda kutembea kijijini, kwenye vilima au kwenye miji ya zamani. Hatuna ofisi wala hatuuzi safari. Ila tangu watu waanze kuona picha zetu kwenye simu, maswali hayaishi, na mengi ni yale yale. Nimeyajibu hapa. Pale nilipokuwa na la kusema nimesema kwa kirefu, na pale ambapo jibu ni "ndiyo" nimeandika ndiyo.

Dodoma si vumbi tu? Kuna nini cha kutembelea?

Vumbi lipo, tusidanganyane. Mwezi wa Oktoba ukivua soksi jioni zinasimama zenyewe. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zina ubaridi, na nchi kubwa ni tambarare yenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja, na mibuyu katikati yake. Kwa mtu ambaye si mpanda milima, hiyo ni neema. Unatembea kilomita kumi bila kupanda chochote cha kukutoa roho.

Kitu kinachonivutia mimi ni maji, ajabu kama inavyosikika. Hapa mvua huwa kama milimita 570 tu kwa mwaka, na hizo chache zinagawana njia tatu. Zinazoangukia mashariki zinaingia mto Kinyasungwe, kisha Mkondoa, kisha Wami, hadi Bahari ya Hindi. Za kusini zinashuka mto Kizigo, zinaungana na Ruaha Mkuu kwenye bwawa la Mtera na kuishia Rufiji. Na mto Bubu, unaotoka juu Kondoa, haufiki baharini kabisa. Unamwagika kwenye kinamasi cha Bahi na kuishia pale pale, ndiyo maana Bahi wanalima mpunga katikati ya nchi kame. Ukishalijua hilo, kila korongo unalovuka linakuambia liko safarini kwenda wapi.

Njia zina vibao? Kuna ramani ukutani, alama za rangi kwenye miti?

Hakuna. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mgeni alielewe kabla hajafunga kamba za viatu. Njia tunazopita hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Ni njia za kisimani, za kwenda mashineni kusaga, za kupitisha ng'ombe, za kanisani, za watoto kwenda shule. Ndiyo maana ni rahisi: mama aliyebeba ndoo ya lita ishirini kichwani hachagui mteremko wa kijinga. Na ndiyo maana wewe ni mgeni juu yake kila wakati, hata kama umezaliwa Majengo, hapa hapa mjini.

Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye mzigo, wewe ndiye unayepisha. Ng'ombe nao unawapisha, na wala usipite katikati ya kundi, zunguka. Mchungaji akiwa mtoto wa miaka kumi, msalimie kama mtu mzima. Anaijua nchi kuliko simu yako.

Sijawahi kutembea mbali. Nianzie wapi?

Anzia mjini, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Simama stesheni ya zamani ya reli. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaenda Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya reli hapa palikuwa na Wagogo na ng'ombe wao na visima vyao. Jina lenyewe wenyeji wanalieleza kwa neno la Kigogo "idodomya", yaani imezama, kwa kisa cha tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Tazama basi, hata jina la mji ni habari ya maji.

Kutoka stesheni nenda Nyerere Square, pita kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, ingia Uhindini uangalie nyumba za maduka za zamani zenye baraza, kisha soko la Majengo ukanywe chai. Miguu ikiwa bado na nguvu, malizia Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Ni mwendo wa saa mbili kwa mtu wa kusimama-simama. Vaa heshima, kwa kuwa utakuwa unapita nyumba za ibada watu wakiwa ndani.

Ukitaka kuona mji kutoka juu kuna mlima Imagi, lakini huo uende na mwenyeji, na asubuhi.

Nahitaji kibali?

Kwa njia za vijijini hakuna karatasi ya kujaza, lakini kuna adabu, nayo ina ngazi zake. Ukifika kijiji usichokijua, uliza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, sema mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Dakika kumi zinatosha. Mara nyingi atakupa kijana wa kuwasindikiza, na mambo yote yaliyobaki yanakuwa mepesi. Tulikuwa tunaliruka hili mwanzoni. Siku moja tukakuta mgambo wawili wanatusubiri mbele, wameambiwa kuna watu wanapima ardhi. Nani angewalaumu? Siku hizi kila anayezunguka na simu mkononi karibu na Dodoma anatafuta viwanja.

Kwenye mapori ya akiba na misitu ya hifadhi mambo ni mengine. Huko kuna viingilio na askari, na huingii kwa salamu tu.

Nimesikia Mpwapwa ni mji wa kale. Unatembelewaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana Mpwapwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kabla ya reli, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, na ilipumzika hapo kwa sababu moja: maji ya milimani. Mbele yake, upande wa magharibi, kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake ni "maji makali". Wapagazi walijaza vibuyu, wakatembea mchana na usiku ili waivuke, kisha wakaingia Ugogo. Huko watemi wa Wagogo walishika visima, na msafara haukunywa mpaka umelipa hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Neno hili hongo wakati ule lilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi. Lilivyofika kwetu limeshachafuka njiani.

Kijiji cha Chunyu bado kipo upande ule, na mtu wa pwani akisikia jina hilo anacheka, kwa kuwa kwake chunyu ni chumvi ya maji ya bahari inayobaki mwilini ukitoka kuoga. Karibu kilomita mia tatu kutoka baharini! Lakini wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani au waliozoea Kiswahili chao, na maji ya huko yana ukali wake.

Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870. Wajerumani nao wakaweka kituo, na mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyekuwa anapigana nao kule Pangani na Bagamoyo, alikuja mpaka huku akakishambulia. Mwezi Desemba mwaka ule ule walimnyonga Pangani. Mtu anayepita Mpwapwa leo anaona mji mdogo wa miembe, chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Hadhani kama vita vya pwani viliwahi kufika hapo.

Matembezi yenyewe: lala mjini, amka mapema, tembea kuelekea miguuni mwa milima ya Kiboriani kwa kufuata vijito. Huhitaji kufika kileleni. Saa mbili za kwenda, saa moja na nusu za kurudi, kivuli cha miti mikubwa, na unapishana na wanawake wanaoshuka na ndizi na mboga. Ukitaka kupanda hasa, panga siku nzima na mwenyeji, huo si mwendo mwepesi tena.

Kufika: kuna mabasi kutoka Dodoma, kama kilomita 120. Au panda treni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ina kituo Gulwe, ambayo ndiyo ilikuwa stesheni ya Mpwapwa hata zama za reli ya zamani, na kutoka pale unachukua gari au bodaboda. Hakikisha tu treni yako inasimama Gulwe, maana zile za haraka zinapita. Ukikaa upande wa dirisha utaona bonde la Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, ambalo mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliisomba reli ya zamani. Jamaa zangu waliosafiri miaka ile wanalijua kwa kulala njiani.

Kongwa je? Ni kweli Waingereza walilima karanga huko?

Kweli kabisa, na walishindwa kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa ekari zaidi ya milioni tatu, na Kongwa ikawa makao ya kwanza mwaka 1947. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka, na nyuki waliomo ndani ya mibuyu wakatoka. Mvua ikakosa. Udongo wenye mfinyanzi ulipokauka ukawa kama sakafu, karanga zikabaki chini hazichimbiki. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia bure kwamba ardhi ile ni ya uwele, mtama na ng'ombe. Ranchi ya Kongwa mpaka leo ni ya ng'ombe.

Lakini si karanga zinazonipeleka mimi Kongwa. Kuanzia mwaka 1964 ilikuwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji kwanza, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliishi pale. Makaburi ya baadhi yao yapo. Kutoka njia panda ya Mbande, kwenye barabara ya Morogoro, unaingia ndani kwa gari, kisha mji wenyewe unatembeleka kwa miguu nusu siku, tambarare tupu. Usiende kwenye maeneo ya kambi bila kupitia halmashauri au mwenyeji wa kukuelekeza, na makaburini tembea kama unavyotembea makaburi ya kwenu.

Michoro ya Kolo: ni mbali? Watoto wanaweza? Inastahili nauli?

Inastahili. Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, pembeni ya barabara kuu ya lami ya Dodoma kwenda Babati, kwa hiyo basi lolote la Babati au Arusha linakushusha mlangoni. Hesabu kilomita 180 kutoka Dodoma. Ofisi ya michoro iko kijijini, unaandikisha jina, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Usijaribu kwenda mwenyewe.

Kutoka ofisini mpaka miamba inayotembelewa zaidi ni kama kilomita tisa za njia ya vumbi. Sisi huwa tunakwenda kwa miguu na kurudi kwa bodaboda, kwa sababu mwisho wake kuna kipande cha kupanda, kifupi lakini kimesimama kweli kweli. Mtoto wa miaka minane aliyelala vizuri anaweza. Mtoto mdogo zaidi utambeba, na hapo utajua uzito wa mwanao.

Juu utakuta miamba iliyoinama kama upenu wa nyumba, na chini yake picha nyekundu: pofu, twiga, tembo, na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa vya ajabu, nywele au vilemba, kila mtu ana lake. Picha nyeupe zimechorwa baadaye, mara nyingi juu ya zile nyekundu, na mkono wake ni mzito zaidi. Za kale ni za wawindaji, wataalamu bado wanabishana zina miaka elfu ngapi. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuja hapa mwaka 1951 kuzinakili moja moja. Mwaka 2006 UNESCO iliyaweka maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye vituo vya michoro zaidi ya 150.

Halafu kuna Mungomi wa Kolo. Wengi wanapita wakidhani ni mwamba mwingine wenye picha. Kwa Warangi, wenyeji wa Kondoa, ni mahali pa tambiko mpaka leo, watu hupanda kuomba mvua au kuombea mgonjwa. Ukikuta kibuyu au nafaka zimemwagwa pale, si taka. Usiguse, usipige picha ya watu wanaotambika, na mwongozaji akikuambia leo hatuingii upande huu, usimuulize mara mbili.

Na maji, tena. Kuna watu wanamwagia michoro maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Maji yanabeba chumvi ya jiwe na kuileta juu ya rangi, ikikauka inaacha utando mweupe, na mara ya kumi hakuna kitu cha kumwagia. Mimi nimeshuhudia mgeni akifungua chupa, mwongozaji akamshika mkono bila kusema neno. Nilimpenda yule mzee.

Ukiwa Kondoa kuna kingine?

Mji wenyewe. Ulikuwa kituo cha misafara, una chemchemi, misikiti ya zamani na Kiswahili kitamu. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Van Deventer kutoka Afrika Kusini yaliuteka mwezi Aprili, na mwezi Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akajaribu kuurudisha usiku, akashindwa. Tembea kufuata maji ya chemchemi, inatosha.

Kama una siku ya pili, nenda Haubi, kwenye vilima vya Irangi. Huko utaona makorongo yenye kina cha kumeza nyumba. Miaka ya 1970 hali ilikuwa mbaya hata serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe na mbuzi wote wakahamishwa kutoka eneo lililoliwa na mmomonyoko. Fikiria kumwambia Mrangi atoe ng'ombe wake. Miti ikarudi, na nyasi. Wazee wa Haubi wakikusimulia habari hii, wengine wanaisifu na wengine bado wana uchungu, na wote wana haki. Njia ya kuzunguka bonde la Haubi ni ya polepole, yenye vivuli, na ziwa dogo chini yake, mwaka likiwa na maji.

Kilimatinde iko wapi, mbona hakuna anayeitaja?

Kwa sababu reli iliikimbia. Ilikuwa ngome ya Wajerumani na kituo kwenye njia ya misafara, juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilaya ya Manyoni. Reli ilipopita chini, Saranda, maisha yakahamia Manyoni. Kilimatinde ikabaki na hospitali ya misheni, miti mikubwa na upepo. Tanzania imeiweka pamoja na Mpwapwa, Mamboya na Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa ajili ya njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Unatembea kijijini, unafika ukingoni, na nchi inaanguka mbele yako. Chini ni Bahi yote, tambarare mpaka macho yachoke. Mara ya kwanza nilikaa pale na chapati mkononi nikasahau kuila. Ukivutiwa ukateremka, kumbuka utapanda tena saa sita mchana. Nilifanya kosa hilo na lita moja ya maji. Mama mmoja aliyekuwa anachuma mlenda alinipa maji kwenye kata yake, akaniuliza kama kwetu hakuna watu wazima.

Tuna watoto na nusu siku tu. Twende wapi?

Mashamba ya zabibu. Mpunguzi kwenye barabara ya Iringa, Veyula, au Hombolo. Mavuno ni mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mwombe mwenye shamba, nunua kwake, usichume kwa kujihudumia. Hombolo kuna na bwawa, lililojengwa miaka ya 1950, ndege wengi asubuhi. Watoto wasiogelee wala kuchezea maji pembezoni, kuna kichocho.

Mimi ni mama wa miaka 63, magoti yananiuma. Nitaweza?

Shikamoo mama. Utaweza Dodoma mjini, Kongwa, mashamba ya zabibu na Kilimatinde juu. Mpwapwa utaweza mpaka kwenye vijito. Kolo njoo, fika chini ya mwamba kwa gari, kisha amua ukiwa pale. Chukua fimbo. Mwenzetu mmoja ana umri kama wako na hutuacha nyuma, ila kwenye kuteremka anatembea kinyumenyume, anasema magoti hayajui tofauti. Sijui kama daktari angekubali.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni hadi Agosti. Mvua ya Kanda ya Kati ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada yake nchi bado ina rangi, anga safi, asubuhi baridi ya kutaka sweta. Septemba bado. Oktoba na Novemba jua halina huruma.

Februari na Machi ni uzuri wa ajabu, kila kitu kijani, lakini makorongo si ya kuchezea. Mvua inanyesha milimani usikoiona, wewe uko kwenye mchanga mkavu unapiga picha, na maji yanakuja ukuta mzima. Ukisikia mngurumo, panda kingo kwanza, tazama baadaye. Korongo likijaa subiri. Hushuka ndani ya saa chache.

Maji kiasi gani?

Lita tatu kwa mtu. Usitegemee visima vya njiani. Si kwamba watakunyima, hawatakunyima, na hiyo ndiyo sababu. Pengine hayo maji yamebebwa kutoka mbali. Ukipewa, toa kitu: sukari, sabuni, chumvi.

Viatu gani?

Raba nzito yenye soli ngumu. Adui yako ni mbigili na miba ya migunga, ambayo inapita kwenye soli laini kama sindano kwenye kanga. Wachungaji wanavaa katambuga za tairi kwa sababu hiyo hiyo, nao hawakukosea. Suruali ndefu. Msimu wa mvua jihadhari na upupu.

Kuna simba? Nyoka?

Kwenye njia nilizotaja simba si habari ya kila siku. Karibu na pori la akiba la Swagaswaga, upande wa Kondoa, uliza habari za tembo kabla ya kuondoka kijijini, wakiwepo badilisha njia. Nyoka wa kumjali ni kifutu, kwa kuwa hakimbii, analala njiani na rangi yake ni ya majani makavu. Angalia unapokanyaga, hasa karibu na mawe.

Mimi naogopa nyuki zaidi. Mibuyu ina mizinga, ya asili na ya kutundikwa. Usijipulizie manukato, usipigie kelele chini ya mbuyu, na nyuki wakitoka kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono.

Mwanamke peke yake?

Dada zetu wawili kwenye kundi hutembea wenyewe mjini na Kondoa bila shida. Vijijini wanachukua mwenyeji, mara nyingi mwanamke, kupitia ofisi ya kijiji. Wanasema kanga kiunoni inafungua milango kuliko kitambulisho. Kondoa ni mji wa Waislamu wengi, mavazi ya staha.

Picha?

Omba kwanza. Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, vituo vya polisi na madaraja ya reli usipige kabisa, wala usirushe droni popote bila vibali.

Tutakula nini, tutalala wapi?

Mama lishe wapo kila penye stendi. Kula ugali wa uwele kwa mlenda angalau mara moja, usikimbilie chipsi. Gesti zipo Mpwapwa, Kongwa, Kondoa na Manyoni, za kawaida na safi. Chukua taa, na uulize kama kuna maji kabla ya kulipa. Beba noti ndogo, kijijini elfu kumi inaweza kukosa chenji mpaka jioni.

Mwongozaji wa kijijini alipwe kiasi gani?

Mpatane kabla ya kuondoka, mbele ya mtendaji. Kipimo chetu: kisipungue anachopata kibarua wa shamba kwa siku hapo kijijini, na chakula juu. Umemtoa shambani.

Nisalimie vipi?

Kwa Wagogo sema "Mbukwenyi!" kwa kundi, "Mbukwa" kwa mtu mmoja. Wazee shikamoo kama kawaida. Usiulize njia kabla ya salamu kuisha, na salamu za huku haziishi haraka: za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nilipokuwa mgeni niliona zinachelewesha. Siku zote tunazopotea, huwa tumepotea kwa sababu kuna aliyefupisha salamu.

Kwa nini hamtoi ramani ya kupakua kwenye simu?

Tulijaribu. Tulirekodi njia moja karibu na Chunyu mwezi Juni, nzuri, imenyooka. Tukairudia Februari, simu inatuambia nendeni mbele, na mbele ni shamba la uwele limetuzidi urefu. Njia ilikuwa imehamia ng'ambo ya korongo tangu mvua za kwanza. Mwenye shamba alikuwa anapalilia, akatuonyesha mpya kwa jembe lake, kisha akatupa madumu mawili matupu tumfikishie kisimani, maana tulikuwa tunaelekea huko huko.